Nilivyoiwekea Kompyuta ya Mama Antivairasi Tatu

Ukisoma kompyuta chuoni, mtaani kwenu wewe ni fundi. Hakuna anayejali kwamba uko mwaka wa kwanza na semista nzima umepigwa hesabu tu. Ukirudi likizo utaletewa simu iliyoingia maji, king'amuzi kisichoshika chaneli, hata pasi. Mimi niliporudi Morogoro likizo ndefu ya mwaka 2019 nilikabidhiwa kompyuta ya mama. Niseme ukweli, hakuna aliyeniomba. Nilijikabidhi mwenyewe.

Ni kompyuta ya mezani, ya mtumba, mama aliinunua Kariakoo kwa jamaa wa mashine kuukuu za kutoka Uingereza. RAM ni GB 4, diski ni ile ya kuzunguka, ndani kuna Windows 10. Inakaa sebuleni kwetu Kihonda, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama TV za zamani. Mdogo wangu wa kiume, wakati ule yuko kidato cha tatu, aliitumia kwa gemu na muvi. Mama aliitumia kwa kikoba. Zamani alikuwa mhazili, Excel aliijua kabla mimi sijajua kusoma, kwa hiyo wanawake wa mtaani walipoanzisha kikoba chao walimpa ukatibu bila kupiga kura. Wako ishirini na nane. Hisa za kila Jumamosi, mfuko wa jamii, mikopo, marejesho, faini za waliochelewa, vyote vilikuwa kwenye faili moja la Excel lenye jina la kikoba na mwaka.

Humo ndani kulikuwa na deni langu pia. Nilipopangiwa chuo, mkopo wa bodi ulichelewa na siku za usajili zilikuwa zinaisha. Mama alikopa kikobani laki sita, mimi nikasajiliwa, naye akawa anarejesha kidogo kidogo. Siku ya kuondoka wale wamama walinichangia ndoo, sufuria mbili na blanketi. Waliniita "binti yetu wa kompyuta". Kumbukeni hilo.

Sasa, elimu yangu ya usalama wa kompyuta ilitoka wapi? Siyo darasani. Ilitoka hosteli. Chumbani tulikuwa wanne na kila mtu alikuwa na dini yake ya antivairasi. Adui wetu tuliyemjua ni mmoja tu, flashi. Mnajua wenyewe: unapeleka asaimenti steshenari ya nje ya geti ikaprintiwe, ukirudi unachomeka flashi unakuta folda zote zimegeuka shotikati za kilobaiti moja. Ukibofya shotikati, inaita kijiprogramu kilichojificha humohumo, halafu inakufungulia na folda yako ili usishtuke. Dawa ya kimbweta ni kufungua ile dirisha jeusi na kuandika attrib -h -r -s /s /d, mafaili yaliyofichwa yanajitokeza, unajiona daktari. Na kila steshenari ina Smadav, ile ya Waindonesia, ikiwa na rangi yake ya kijani. Wenye Smadav wenyewe wanasema ni nyongeza ya kukaa pembeni ya antivairasi nyingine, hasa kwa ajili ya flashi. Hilo sisi hatukuwahi kulisoma. Tulijua tu kwamba kinga ikizidi ni bora, kama vile mtu wa malaria anavyolala kwenye chandarua na bado anapuliza dawa ya mbu.

Basi likizo ile nilirudi na flashi ya GB 16 iliyojaa. Niliweka antivairasi ya kwanza, ya bure, kutoka kampuni kubwa tu inayojulikana. Ya pili ilikuwa ya kulipia, toleo lenye kila kitu, ambayo jamaa wa chumba cha jirani alinipa pamoja na kraki yake. Ya tatu Smadav. Maelekezo ya ile kraki yalikuwa kwenye faili dogo la maandishi, na mstari wa kwanza ulisema: zima kinga yoyote ya kompyuta kabla ya kuendelea. Nikazima. Mtu anakwambia mfungie mbwa wako kabla hajaingia ndani, na wewe unamfungia, kwa sababu huyo mtu amekuja kukuuzia kufuli.

Kwa kuwa ni msomi, nilifanya na jaribio. Kuna kifaili cha majaribio kinachoitwa EICAR, maandishi ya herufi na alama 68 tu, hakina madhara yoyote, ila kampuni za antivairasi zimekubaliana kwamba kila moja ikikiona ipige kelele kana kwamba imeona kirusi. Nilikiandika kwenye Notepad mbele ya mama, nikakihifadhi. Kompyuta ilipiga kelele mara mbili, madirisha mawili yakatokea kwa pamoja, moja jekundu moja la njano. Mama akasema, "Loo." Nilijisikia kama nimepata A.

Nilichokuwa sijaelewa ni kwamba yale madirisha mawili yalikuwa yanagombana. Antivairasi inayokaa macho muda wote hujiweka katikati ya Windows na mafaili. Kila faili linapofunguliwa, inalisimamisha, inalikagua, ndipo inaliruhusu. Ukiwa nazo mbili, ya kwanza inafungua faili ili ilikague, ya pili inaona faili linafunguliwa nayo inataka kulikagua, na ya kwanza inaona kuna programu nyingine inagusa faili lilelile. Kwenye mashine ya nguvu unaweza usigundue haraka. Kwenye GB 4 na diski ya kuzunguka, Excel ya mama ilianza kuchukua dakika nzima kufunguka. Kuwasha kompyuta ilikuwa ni kuwasha, kwenda kubandika maharage, na kurudi. Siku moja moja moja ya antivairasi iliishika nyingine mafaili yake ikadai ni kirusi.

Mama hakulalamika. Alianza tu kuandika tena kwenye daftari, akisema ataingiza baadaye.

Nikaona nipunguze. Hapa ndipo nilipofanya uamuzi ambao mpaka leo nikiukumbuka usiku nageuka upande. Niliondoa ile ya bure, nikabakiza ile ya kulipia yenye kraki, maana "pro" ni pro. Smadav nikaiacha. Na kwa kuwa Windows ilikuwa inakula bando la mama kwa apdeti zake, nikazima apdeti za Windows. Kompyuta ikawa nyepesi, Excel ikafunguka, nikasifiwa, nikapanda basi Msamvu kurudi chuo.

Tuone sasa nilichoacha nyuma. Windows 10 inakuja na antivairasi yake yenyewe, Defender. Ukiweka antivairasi ya kampuni nyingine, Defender inaona kuna mlinzi mpya amejiandikisha, inajitoa lindoni yenyewe ili isigombane naye. Utaratibu mzuri kabisa. Lakini mlinzi niliyemwandikisha alikuwa kiziwi. Kraki nyingi za antivairasi, ili kampuni isigundue leseni ya wizi, huziba njia ya kuwasiliana na kampuni. Ndani ya Windows kuna kifaili kinaitwa hosts, ni kama daftari la anwani. Kraki ilikuwa imeandika humo kwamba anwani za kampuni ziko 127.0.0.1, yaani kwenye kompyuta yenyewe. Kila antivairasi ilipojaribu kwenda kuchukua habari za virusi vipya, ilizunguka ikarudi ndani ya nyumba. Tangu siku niliyoiweka haikujifunza kitu. EICAR iliijua, kwa sababu EICAR inajulikana na kila mtu tangu miaka ya 1990. Jaribio langu lilipima kama mlinzi yuko macho. Halikupima kama anawajua wezi wa wiki hii.

Jumapili moja katikati ya Novemba mdogo wangu alinipigia. Nilikuwa kwenye kimbweta na kikundi cha asaimenti.

"Dada, nirushie bando kidogo, nataka kutoa video ya kwaya."

Nikamrushia. Alikuwa ameambiwa na wenzake kuna programu ya kuhariri video, ya bei mbaya, ila kraki yake ipo mtandaoni. Simlaumu. Alikuwa amemwona dada yake anayesoma chuo kikuu akifanya hivyohivyo kwenye meza ileile. Hata kuzima kinga kwanza alijua.

Baada ya saa moja hivi alipiga tena. "Dada, kompyuta inajiapdeti yenyewe. Imeandika Windows Update, kuna mduara unazunguka. Nizime?"

Nilikuwa na haraka. Nikamwambia, "Usizime, utaiharibu. Iache imalize."

Mimi ndiye niliyezima apdeti za Windows kwa mkono wangu miezi miwili nyuma. Nilipaswa kujua. Nilikata simu nikaendelea na asaimenti.

Kirusi kile baadaye nilikifahamu kwa jina: STOP, wengine wanakiita Djvu. Ni cha ukoo wa virusi vinavyofunga mafaili ya mtu kwa msimbo kisha kudai fidia, na tofauti na vile vya kwenye habari vinavyovamia mahospitali na makampuni, hiki kiliwinda watu wa nyumbani, na njia yake kubwa ilikuwa ni kraki. Kilikuwa na kawaida ya kuonyesha dirisha la uongo la apdeti ya Windows ili mtu akae kwa subira wakati diski inahangaika. Kinafuta na nakala za akiba ambazo Windows hujiwekea. Kikimaliza kinaacha kwenye kila folda barua inayoitwa _readme.txt: lipa dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 ni dola 490, nusu bei, kana kwamba ni msimu wa sikukuu. Kwa fedha ya wakati ule hiyo nusu bei ni zaidi ya milioni moja na laki moja, na inatakiwa kwa bitcoin. Mama alinisomea barua ile kwenye simu, neno kwa neno, kwa Kiingereza cha mhazili. Akamaliza, akauliza, "Sasa hawa ni akina nani?"

Nilisafiri usiku uleule. Nilikuta kila faili lina mkia mpya wa herufi nne ambazo hazina maana. Ubaya ni kwamba mwezi mmoja tu kabla, Oktoba 2019, kampuni ya Emsisoft ilikuwa imetoa programu ya bure ya kufungua matoleo 148 ya kirusi hiki. Nilipoisoma hiyo habari nilipiga magoti kabisa. Lakini matoleo ya karibuni yalifunguka tu kama kirusi kilitumia ufunguo wa akiba kilichobeba chenyewe, na ufunguo huo uwe umepatikana. Kirusi hutumia ule wa akiba pale kinaposhindwa kufika kwenye seva ya mabwana zake. Kikifika, kinapewa ufunguo wa kompyuta hiyo moja, ambao hakuna mwingine anao. Cha kwetu kilifika. Kilifika kwa bando nililolirusha mimi.

Jambo jingine la kejeli: kirusi hiki, ili kiwahi, hufunga kipande cha mwanzo tu cha kila faili, kama kilobaiti 150. Video kubwa zina pa kuponea, na baadhi ya muvi za mdogo wangu zilikuja kuchezeka. Faili la kikoba lilikuwa dogo kuliko kilobaiti 150. Lilifungwa lote.

Mgawanyo ulikuwa umebaki wiki nne.

Kwa wasiojua vikoba: Desemba watu wanagawana. Kuna aliyeweka hisa tano kila wiki kwa ajili ya ada za Januari, kuna anayengoja bati. Kila mwanachama ana kitabu chake kinachogongwa muhuri wa hisa, mikopo ina fomu zenye saini za wadhamini, kwa hiyo si kwamba hapakuwa na karatasi kabisa. Ila marejesho, faini na mfuko wa jamii mama aliviamini kwenye kompyuta, na vitabu vya wanachama havikugongwa kila wiki kwa uaminifu. Nilipita nyumba kwa nyumba, ishirini na nane, kukusanya vitabu. Nilikosa vipindi wiki nzima. Kimoja kilikuwa kimetafunwa na panya kona. Kingine kilikuwa Dodoma na mwenyewe, aliyekwenda msibani. Kila mlango nilieleza upya nini kimetokea, na kila mlango nilieleza vibaya zaidi. Unamwelezaje mama muuza vitumbua kwamba hesabu zake hazijaibiwa, ziko palepale kwenye diski, ila hazisomeki? Mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza taratibu, "Na deni la mama yako nalo limefungwa humohumo?"

Sikuwa nimelifikiria. Yeye alikuwa amelifikiria, na hakuwa peke yake. Nilipofika nyumba ya ishirini nilikuwa nimekwishaelewa yanayosemwa kisimani: katibu anadaiwa, binti yake mtaalamu wa kompyuta karudi likizo kashika mashine, na sasa kumbukumbu hakuna. Ningekuwa mimi ningewaza vivyo hivyo.

Mama aliitisha kikao. Kabla ya jambo lolote alifungua daftari jipya, akaandika jina lake mstari wa kwanza na deni 310,000. Rejesho lake la Oktoba, elfu sabini, lilikuwa limeandikwa kwenye kompyuta tu. Kitabu chake mwenyewe hakukijaza, kwa sababu jioni za Jumamosi alikuwa akijaza vya wenzake. Mwenyekiti alisema anakumbuka alilipa. Mama akasema kumbukumbu ya mwenyekiti haina muhuri. Akalipa tena. Bumu lilipotoka nilimpa elfu sabini. Aliipokea, akaihesabu, akaifunga kwenye kona ya khanga, hakusema asante wala hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Hesabu zilikaa sawa siku tatu kabla ya mgawanyo, zikipishana na fedha za kwenye sanduku kwa shilingi elfu kumi na moja mia tano, ambazo kikao kilikubali ziende mfuko wa jamii.

Baada ya hapo ndipo nilipojifunza kuchagua, na nitawaeleza nilichochagua, maana najua wengi wenu mnatumia kompyuta zenu kama nilivyotumia ile.

Diski niliisafisha yote, nikaweka Windows upya. Mlinzi wa zamu ni mmoja, Defender, basi. Miaka ya nyuma ilikuwa ikidharauliwa, na kwa haki. Lakini kufikia 2019 maabara ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, ambayo kazi yake ni kuzipima hizi programu, ilikuwa inaipa alama za juu sawa na za kulipia. Haiombi hela, haina leseni ya kuisha, na inapata habari mpya kwa njia ileile ya apdeti za Windows. Pembeni yake niliweka Malwarebytes ya bure. Wiki mbili za mwanzo inajipa majaribio ya kukaa macho muda wote. Niliyazima, ikabaki kuwa mkaguzi wa kuitwa. Mdogo wangu anaiendesha mara moja kwa mwezi, inakagua, inalala. Ndiyo maana hizi mbili hazigombani: moja iko zamu, nyingine inakuja ikiitwa. Smadav sikuirudisha. Sina ugomvi nayo, ila kwa nyumba ile haikuwa na kazi ambayo Defender haifanyi.

Antivairasi nyingine za bure ni nzuri pia, ila uliza zinakula nini. Januari 2020 Avast ilifunga kampuni yake tanzu ya Jumpshot baada ya waandishi wa habari kuonyesha kwamba ilikuwa inauza kumbukumbu za kurasa ambazo watumiaji wa antivairasi hiyo wametembelea. Mamilioni ya watu walikuwa wameweka mlinzi wa bure getini, naye anaandika nani kaingia na nani katoka kisha anauza daftari. Ukiwa na hela ya kulipia nyingine halali, lipia, mimi sina neno. Ya kraki usiweke. Hata kama inafanya kazi, utakuwa umemchagua mlinzi aliyeletwa na mwizi.

Kilichobadilisha zaidi mambo hakikuwa antivairasi hata kidogo. Kila mtu ana akaunti yake ya kawaida. Ya kiutawala iko peke yake, nywila yake imeandikwa kwenye karatasi ndani ya Biblia ya mama. Akaunti ya mdogo wangu haiwezi kugusa nyaraka za mama, kwa hiyo akifungua takataka kwenye akaunti yake, inaharibu vya kwake. Apdeti zinaingia usiku, bando la usiku ni rahisi. Na ndani ya Defender kuna kinga ya folda ambayo Microsoft waliileta mwaka 2017, inazuia programu isiyojulikana isibadilishe kitu kwenye nyaraka. Huja ikiwa imezimwa. Unaiwasha mwenyewe, na inafanya kazi tu kama Defender ndiyo iliyo zamu. Ina kero zake. Gemu la mdogo wangu lilishindwa kuhifadhi alama zake na alininunia siku mbili mpaka nilipoliruhusu.

Mwalimu wetu wa mwaka wa pili, kwenye somo la nadharia, alitufundisha kwamba Mmarekani Fred Cohen alionyesha tangu 1984 kwamba haiwezekani kutengeneza programu itakayotambua kila kirusi bila kukosea hata kimoja. Darasani watu walinakili wakasinzia. Mimi nilikaa wima. Kama ni hivyo, basi swali la "antivairasi gani kali" tunalobishania hosteli ni swali la pili. La kwanza ni kwamba ikipitwa, na siku moja itapitwa, unabaki na nini.

Hilo mama alilijibu kabla yangu. Nilipokuwa namweleza habari za nakala, alinikatiza. "Mwanangu, sanduku la kikoba lina kufuli tatu. Unajua kwa nini?" Nikasema ili mwizi apate taabu. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Mwizi analibeba sanduku zima, alisema, kufuli anakwenda kuzivunja kwake. Tatu ni kwa sababu funguo wanakaa nazo watu watatu wa nyumba tofauti, ili nyumba moja ikiharibikiwa, kikoba kisiharibikiwe.

Kwa hiyo zipo flashi mbili. Kila Jumamosi baada ya kikao mama ananakili faili kwenye moja, anaichomoa, anampa mweka hazina, naye anarudisha ile ya wiki iliyopita. Hakuna siku zote mbili ziko nyumbani kwetu kwa zaidi ya dakika tano, na hakuna inayobaki imechomekwa. Mwisho wa mwezi anaprinti ukurasa mmoja wa salio la kila mtu na wanasaini. Gharama ya mpango wote ni flashi mbili, elfu kumi na tano kila moja, na wino.

Niko mwaka wa tatu sasa. Wamama wale bado wananiita binti yetu wa kompyuta, ingawa yule wa vitumbua husema hivyo huku akiangalia pembeni. Juzi mdogo wangu alinipigia nikiwa maktaba, nikatoka nje kupokea.

"Dada, kompyuta imeandika inajiapdeti. Niiache?"

Nikamwambia anitumie picha kwanza.